Kosa la Uhusiano Mkavu

Walikuwapo, na kwa bahati mbaya wangalipo, watu wa nchi ya Heko. Ni nchi nzuri, wala asikudanganye mtu. Ina milima inayoonekana kutoka mbali, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko shule zake, na ina serikali inayowapenda wananchi wake mapenzi ya kuwakaba roho. Mambo haya yalitokea huko, si kwetu. Kwetu hayawezi kutokea, na atakayesema yanatokea aulizwe ametumwa na nani.

Katika mji mdogo wa nchi hiyo, uitwao Mtakuja, aliishi mama mmoja mjane, Bi Sikujua Matandiko, aliyekuwa na mashine ya kusaga unga. Mashine yenyewe ilikuwa kongwe. Ukiiwasha ilikohoa kwanza, ikatema moshi, ikatetemeka kama mtu wa homa, ndipo ikakubali kazi. Lakini unga wake ulikuwa laini, na Bi Sikujua mwenyewe alikuwa mtu wa haki: pumba zako ulirudishiwa hata kama ni kiganja kimoja. Alishinda humo ndani tangu asubuhi, akitoka jioni kope nyeupe na nyusi nyeupe, na watu wakimtania kwamba amezeeka na kurudi ujana siku hiyohiyo.

Mahindi aliyapata kwa Mzee Kagoma, mkulima mwenye shamba kando ya Mto Mwembere. Walifanya biashara miaka mingi, na uhusiano wao haukuwa na muhuri wala shahidi. Kagoma alikuja na mkokoteni wake wa punda, akashusha magunia, akasema, "Bi Siku, hili la mwisho limeguswa na panya. Usiwauzie watu, wape kuku." Bi Sikujua naye akamtengea bakuli la uji wa ulezi, akasema, "Kaka Kagoma, mahindi yamepanda sokoni. Usije ukanifanyia bei ya mwaka jana ukadhani unanisaidia." Basi wakabishana, kila mmoja akimtetea mwenzake, mpaka uji ukapoa.

Hayo yalikuwa kabla serikali haijagundua kwamba uhusiano huo ulikuwa na kasoro kubwa.

* * *

Mkuu wa nchi ya Heko, ambaye kwa mujibu wa sheria huitwa Mtukufu Mlezi, alikuwa amesafiri nchi za mbali kutafuta wawekezaji. Aliposhuka tu kwenye ndege, wakubwa wa kampuni moja ya huko walimpokea kwa shada la waridi jekundu lililofungwa utepe wa dhahabu. Mtukufu Mlezi hakuwahi kupewa ua maishani mwake. Nyumbani alizoea kupewa vitu vikubwa vikubwa. Machozi yakamlengalenga. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwishawapa wale watu Mto Mwembere, na kingo zake, na samaki wake, na mvua yoyote itakayothubutu kunyesha juu yake.

Aliporudi alihutubia taifa redioni. Bi Sikujua alizima mashine ili asikie vizuri. Mzee Kagoma alikuwapo, ameketi juu ya gunia.

"Ndugu wananchi," ilisema redio, "nimewaletea siri ya maendeleo. Wenzetu hawatuzidi akili. Hawatuzidi nguvu. Wanatuzidi maua! Kwa macho yangu haya nimeona mtu akitoa shada moja tu, shada dogo la kushikwa kwa mkono mmoja, na papo hapo akapata mto mzima! Nikajiuliza: jamani, kama ua linaleta mto, sisi tumelala wapi? Kuanzia leo, hakuna biashara Heko bila ua. Muuzaji ampe mnunuzi, mnunuzi ampe muuzaji, na wote wawili waipe serikali, kwa sababu serikali ni jirani wa kila mtu."

Makofi yalipigwa redioni mpaka betri zikaanza kuchoka.

"Kaka," Bi Sikujua akauliza, "nimesikia vibaya, au mto wetu umeuzwa?"

"Haujauzwa," Mzee Kagoma akasema, akijikuna kidevu. "Si umesikia mwenyewe? Umetolewa kama shukrani."

Wakacheka. Watu wa Heko walikuwa bado wakicheka siku hizo.

* * *

Haukupita muda, ikaundwa Wizara ya Maua na Mahusiano Mema, na chini yake Idara ya Wanusaji. Kazi ya mnusaji ilikuwa kupita katika maduka, masoko na viwanda, kunusa kama watu wanaofanya biashara pamoja wamepeana maua. Wasiopeana walikuwa na kosa, na kosa hilo lilipewa jina: uhusiano mkavu.

Mnusaji wa Mtakuja aliitwa Bwana Lugome. Alikuwa kijana mnene, mpole wa sauti, mwenye mafua ya kudumu. Wapo waliouliza inakuwaje mtu wa mafua akapewa kazi ya kunusa. Waliouliza hawakujua kwamba Bwana Lugome alikuwa mpwa wa Waziri, na pua njema hurithiwa.

Alimkuta Bi Sikujua na Mzee Kagoma mlangoni mwa mashine, wanapima magunia.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee," akasema kwa adabu, kisha akapenga kamasi. "Mama, huyu mzee ni nani wako?"

"Marahaba, mwanangu. Ni mtu wangu wa mahindi."

"Mnafanya biashara?"

"Tangu wewe hujazaliwa."

"Na maua yako wapi?"

"Hatujawahi kupeana maua. Yeye hunipa mahindi, mimi humpa haki yake."

Bwana Lugome akasogea, akaingiza kichwa katikati yao, akafumba macho na kuvuta pumzi kwa nguvu. Pua ilipiga filimbi lakini haikupitisha kitu. Alipofumbua macho, uso wake ulikuwa na huzuni ya daktari mwenye habari mbaya.

"Mkavu," akasema. "Mkavu kabisa. Sijui mmewezaje kuishi hivi."

"Tunaaminiana, bwana," Mzee Kagoma akasema.

"Hilo ndilo tatizo lenyewe, mzee wangu. Watu wakishaaminiana, serikali ipite wapi?"

Bi Sikujua akaona hapa pana ugonjwa, tena si wa mafua. Akaonyesha nyuma ya nyumba yake, ambako maboga yalikuwa yamechanua. "Kama ni maua tu, hayo hapo. Nitamchumia hata sasa hivi."

Bwana Lugome akatabasamu kama mtu mzima mbele ya mtoto. "Ua la boga, mama, kisheria si ua. Ua linalozaa chakula ni mboga iliyojivuna. Linatakiwa waridi, na liwe limenunuliwa Duka la Upendo."

Duka la Upendo lilikuwa la mke wa Waziri. Waridi lilitoka kwenye kampuni iliyopewa mto. Bei yake haitajwi mbele ya watoto.

* * *

Bi Sikujua aliuza kitanda cha marehemu mumewe, akapata shada. Mwongozo wa wizara ulitaka mtoaji avae nguo ya furaha, naye nguo ya furaha alikuwa nayo moja tu, gauni la rangi ya samli alilovaa kwenye harusi ya bintiye. Likambana kila mahali. Akatoka nalo kwa miguu kuelekea kwa Mzee Kagoma, shada kifuani, akitazamwa na mji mzima, na Bwana Lugome akimfuata nyuma kama mshenga.

Mke wa Kagoma, Mama Siwema, alikuwa uani akipepeta. Akainua macho, akaona mjane amevaa gauni la harusi, ameshika waridi jekundu, anauliza, "Kaka Kagoma yupo?"

Ungo ukamdondoka.

"Miaka yote hii nimeolewa na mwanamume huyu," akasema, taratibu kwanza, "hajaniletea hata ua la mnyaa. Leo yeye ndiye analetewa! Tena na mjane! Tena serikali imemsindikiza!"

"Mama Siwema, dada yangu, nisikilize. Mimi nataka mahindi tu."

"Ndivyo wanavyoanza!"

Mzee Kagoma akatokea ndani, ameshika jembe, haelewi amekosa nini. Bwana Lugome akawapanga yeye na Bi Sikujua uso kwa uso, akaeleza kwamba sheria inataka watazamane machoni na kutabasamu wakati ua linapotoka mkono huu kwenda mkono ule. Wakatazamana. Miaka yote ile hawakuwahi kutazamana hivyo, maana mtu unayemwamini huna haja ya kumkodolea macho. Bi Sikujua aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mzee Kagoma alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Tena," akasema Bwana Lugome. "Kwa moyo."

Mama Siwema akaangua kilio. Bwana Lugome, ambaye hakuwa mtu katili, akamwendea kumfariji.

"Usilie, mama. Wewe na mumeo mnashirikiana katika kazi?"

"Nampalilia shamba, nampikia, nimemzalia."

"Na mmepeana maua?"

"Aka!"

"Basi na nyinyi ni wakavu," akasema Bwana Lugome, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Lakini hilo tutalishughulikia baadaye."

Kabla ya kuondoka aliacha agizo. Shada liwekwe chomboni, libadilishiwe maji safi kila siku, lisipigwe jua. Yeye atapita kulikagua. Ua likinyauka, uhusiano umenyauka, na uhusiano ukinyauka kuna wa kujibu.

* * *

Sasa, maji safi yalikuwa yameanza kuwa hadithi. Kampuni ilikuwa imejenga ukuta juu ya Mto Mwembere na kuyapeleka maji kwenye mabanda yake ya nailoni, meupe, marefu, yaliyometameta bondeni kama vile mji umevamiwa na mawingu. Chini ya ukuta mto ulibaki mawe. Mahindi ya Mzee Kagoma yalifika kiunoni yakasita, yakatoa mabunzi yenye punje mojamoja kama meno ya ajuza. Watu wa Mtakuja walipanga foleni kwenye bomba la kampuni, ambako kila nyumba ilipewa ndoo yake, na mlinzi alisema "asanteni kwa ushirikiano."

Nyumbani kwa Kagoma, waridi lilikunywa kwanza. Kisha wakanywa watu. Kilichobaki kikapikiwa, na punda akalamba chungu. Mchana, jua lilipopita dirishani, Mzee Kagoma alikaa amelifunikia shada mwavuli, yeye mwenyewe akichomwa na jua kichwani. Hata Mama Siwema akaacha wivu. "Mwanzoni nilidhani ni mke mwenza," alimwambia Bi Sikujua siku moja walipokutana kwenye foleni. "Kumbe ni mama mkwe. Maana huyu anakula kabla yetu na hashukuru."

Halafu mjukuu wao akaanza kuharisha. Alikuwa mtoto mchanga wa kike, wa binti yao Siwema, aliyeachwa kwa bibi yake wakati mama amekwenda kutafuta kazi mjini. Kufikia jioni macho yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Zahanati walisema mpeni maji yenye chumvi na sukari, mengi, msiache. Ndoo ilikuwa tupu. Bomba lilikuwa limefungwa. Mama Siwema akazunguka kwa majirani, na kila jirani akamwonyesha chombo chake cha maua na kusema, "Ningekupa, lakini Lugome anapita kesho."

Akarudi nyumbani. Akalitazama shada, akamtazama mtoto. Akalichomoa waridi, akalitupa juu ya meza, akayachuja yale maji kwa upande wa kanga na kuyachemsha. Mzee Kagoma alisimama pale mlangoni. Kisha akaja, akamshikia mkewe kijiko.

Mtoto akapona. Waridi likafa.

* * *

Kesi ilisikilizwa na Baraza la Mahusiano, chini ya Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Chanzi, aliyekuja kutoka makao makuu na msafara mrefu kuliko barabara ya Mtakuja. Shada lililonyauka lililazwa mbele ya ukumbi juu ya mto wa kulalia, limefunikwa bendera. Watu waliombwa kusimama kulipa heshima.

"Waheshimiwa," alisema Waziri, "nimeona vita. Nimeona mafuriko. Lakini sijawahi kuona watu wakinywa uhusiano wao wenyewe." Akanyamaza ili watu waguswe. "Mzee Kagoma, ulipewa ua na mshirika wako?"

"Nilipewa."

"Ukaliacha life?"

"Mtoto alikuwa anakufa, mheshimiwa."

"Sijakuuliza habari za mtoto."

Mama Siwema akashindwa kuvumilia. Akasimama na mtoto mgongoni. "Huyu hapa! Mtazameni! Mimi ndiye niliyemnywesha, mume wangu hana kosa. Asingekunywa angekuwa kaburini!"

Waziri akamtazama yule mtoto, akavua miwani na kuifuta. "Serikali," akasema, "imesikitishwa sana na ugonjwa wa mtoto huyu. Na imesikitishwa zaidi na kupona kwake kwa njia zisizo halali."

Wajumbe wa baraza wakagonga meza kwa kukubali.

Bi Sikujua akaomba ruhusa. Alikuwa amejipiga moyo konde tangu asubuhi. "Mheshimiwa, mimi ndiye niliyetoa ua lile. Lilikuwa langu. Nami sina kinyongo na Kaka Kagoma hata kidogo. Nimemsamehe, kama kuna la kusamehe."

"Wewe umemsamehe kama nani?" Waziri akauliza, kwa mshangao wa kweli. "Mama, ua ukishalitoa si lako. Uhusiano ukishaanza si wenu. Ni mali ya taifa. Nyinyi mnautunza tu."

Baraza likaenda kula. Liliporudi likatoa hukumu, na hukumu yenyewe ilikuwa ya huruma, kama kila hukumu inayotolewa Heko. Mzee Kagoma hakufungwa. Baraza liliona kwamba chanzo cha kosa lake ni kukosa maua, hivyo likaamua kumsaidia asiyakose tena maisha yake yote. Shamba lake lingekabidhiwa kampuni lipandwe waridi, naye angepewa kazi humohumo ya kuyapiga dawa.

"Hatukunyang'anyi shamba, mzee," Waziri akasema, na kumpiga begani. "Tunakusogezea maua."

"Na mahindi?" Mzee Kagoma akauliza.

Waziri akageuka kwa wasaidizi wake. "Mahindi yapi?"

* * *

Baada ya Kagoma walifuata wengine. Huyu shada lake liliingiwa na sisimizi, yule alitabasamu bila moyo, mwingine alikutwa ananunua chumvi kwa shemeji yake bila hata petali. Wote walisaidiwa. Bonde lote likawa jekundu, na wageni waliopita kwa ndege walisema hawajaona nchi yenye furaha kama hiyo.

Mahindi yakaadimika, kisha yakaisha. Bi Sikujua aliendelea kuiwasha mashine kila asubuhi isije ikashika kutu, ikawa inasaga hewa. Watu waliosikia ikinguruma walikuja mbio na vikapu, wakafika, wakakuta mawe yanazunguka matupu, wakarudi. Baadaye walikuja na makombo: maganda ya muhogo yaliyokauka, kokwa za maembe, mabua. Aliyasaga bila malipo. Unga ulitoka mweusi, unakwaruza koo. Bwana Lugome alipita akaandika kwamba hakuna uhusiano mkavu tena Mtakuja, na kweli haukuwapo, kwa kuwa hapakuwa na biashara.

Ndege zilizopeleka waridi ng'ambo zilirudi na mahindi ya manjano ya msaada. Yaligawiwa kwa yeyote mwenye njaa, bila ubaguzi, ilimradi aje na ua.

Bi Sikujua alikwenda kumtembelea Mzee Kagoma siku ya mapumziko. Alimkuta amekaa kizingitini, amekonda, macho mekundu. Dawa waliyopiga ilikuwa ya unga wa kijani. Kampuni iliwapa aproni yenye picha ya ua kifuani, na kitambaa cha puani ilisema kiko njiani.

"Kaka, wanakulisha lakini?"

"Wananilisha chai." Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe, kikakataa kuisha, akaendelea kusema hivyohivyo. "Unajua, Bi Siku, sisikii harufu tena. Juzi ugali wa jirani uliungua, mke wangu akakimbia, mimi nimekaa tu. Ninapita kutwa kwenye waridi, ni kama ninapita kwenye makaratasi."

"Acha kazi hiyo."

"Niende wapi? Shamba liko wapi?" Akanyoosha mkono kuelekea bondeni. "Nikiacha kazi sitaruhusiwa hata kuliona."

Bi Sikujua akakaa naye. Hakukuwa na uji wa kupoa wala bei ya kubishania. Mazungumzo yao yote ya miaka ile yalikuwa yamejengwa juu ya magunia, na magunia yalipoondoka kila mmoja akabaki anatafuta la kusema. Wakakaa tu, wakalitazama bonde jinsi lilivyopendeza.

* * *

Ilipofika Siku ya Ua, ambayo sasa ni sikukuu ya taifa, Mheshimiwa Chanzi alirudi Mtakuja kumwakilisha Mtukufu Mlezi. Uwanja wa mpira ulipambwa. Wananchi walipangwa kwa unene, wembamba wakawekwa nyuma ili wasiharibu picha. Kwa hiyo nyuma palijaa na mbele pakakopwa watumishi wa wizara.

Bi Sikujua alikwenda akiwa ameamua. Kagoma alikuwa hainuki kitandani tangu wiki iliyopita. Usiku mzima mama huyu alikuwa ameyapanga maneno yake, ya mto, ya mahindi, ya dawa ya kijani, ya mtoto. Alijua wanaweza kumpeleka pabaya. Akajisemea kwamba kifo hukioni kikija, ila njaa unaiona inakuja ikitembea.

Waziri alipouliza, kama wanavyouliza wakubwa, "Je, kuna mwananchi mwenye neno?", akiwa tayari amegeuka kuketi, sauti ikatoka nyuma.

"Mheshimiwa, tuna njaa!"

Watu waliokuwa karibu na Bi Sikujua wakasogea, ukabaki mduara mtupu na yeye katikati. Alitaka kuendelea. Maneno yote yalikuwapo, yamepangika, lakini hakuna aliyewahi kumsikiliza namna ile, kimya kiasi kile, na ulimi ukawa mzito. Bwana Lugome alikuwa amefumba macho, kama mtu anayengoja kishindo.

Waziri akashuka jukwaani. Akaja taratibu hadi kwenye ule mduara, akasimama mbele yake. Kisha akafungua mikono.

"Mnaona?" akawaambia watu. "Mnaona ujasiri huu? Huu ndio uzalendo! Mama huyu amesema na serikali yake bila woga. Kosa lake ni moja dogo tu, amesema mkavu." Akapunga mkono. "Leteni ua!"

Likaletwa shada kubwa kuliko yote, la kubebwa kwa mikono miwili, utepe ukiburura chini. Waziri akamkabidhi, akamtazama machoni, akatabasamu kwa moyo. Wapiga picha wakapiga. Na palepale akatangaza kwamba kwa kuwa uhusiano kati ya serikali na wasaga unga umeimarika rasmi, mashine ya Mtakuja itachukuliwa kwa heshima zote kwenda makumbusho ya taifa, ili vizazi vijavyo vijue watu wa zamani waliteseka vipi.

Makofi yalipigwa, hata na wale wa nyuma, kwa mikono iliyobaki mifupa. Na Bi Sikujua, hili ndilo lililomchoma kuliko yote baadaye alipokuwa akisimulia, Bi Sikujua alipiga goti akasema, "Asante, mheshimiwa." Hakuna aliyemlazimisha. Goti lilikunjika lenyewe.

* * *

Mashine waliing'oa mchana uleule. Hakukaa kutazama. Alilibeba shada lake akapita nalo katikati ya mji, na kila aliyemwona alimpongeza, na hakuna aliyemcheka, kwa kuwa shada la ukubwa ule lingetosha kupata mahindi ya msaada ya mwezi. Lakini alipofika kwenye ghala la msaada alikuta limefungwa kwa sababu ya sikukuu. Kesho yake lingekuwa limenyauka, na ua lililonyauka si ua, ni ushahidi.

Miguu ikampeleka kwa Kagoma. Ndani kulisikika kikohozi, kifupi kifupi, cha mtu asiye na nguvu ya kukohoa. Mama Siwema alikuwa jikoni, amempakata mjukuu, sufuria imeinjikwa motoni na ndani mna maji matupu.

"Anaendeleaje?"

"Kama unavyosikia." Mama Siwema akaliona shada. "Umepewa?"

"Nimepewa."

Mama Siwema akamlaza mtoto mkekani. Akalipokea shada, akakata utepe wa dhahabu kwa meno, akaketi na kuanza kuchambua kama mtu anayechambua mchicha: majani huku, petali huku, mabua kando. Alifanya upesi, bila kuinua uso. Bi Sikujua alimtazama kwa muda kabla hajaelewa anachokiona.

"Mama Siwema. Hayo yamepigwa dawa."

"Najua. Mume wangu ndiye aliyeyapiga."

"Yataua watu!"

"Nitayachemsha, nimwage maji, niyachemshe tena."

"Na maji ya kuchemsha mara mbili unayo?"

Mama Siwema akageuka, akaitazama ndoo iliyokuwa kwenye kona.

"Basi mara moja," akasema.

Kikohozi kikasikika tena chumbani, kikanyamaza. Bi Sikujua akavuta kigoda, akaketi karibu yake, akaanza kumsaidia kung'oa miiba.